Papai bichi na nyama: kwa nini mishkaki yangu imekuwa uji nje, ndani raba?

#1 MchomaMkaa
Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada wa wenye akili za maabara na wenye akili za jikoni. Jumamosi tulikuwa na shughuli ya mdogo wangu, nikakabidhiwa mishkaki kilo nane. Nikasaga papai bichi na maganda yake, tangawizi, saumu, ndimu na chumvi, nikaichanganya steki humo saa tatu usiku, nikafunika beseni. Kesho yake saa kumi jioni naanza kutunga kwenye vijiti, nyama inadondoka. Juu imekuwa kama maini yaliyopondwa. Nikachoma hivyo hivyo. Ukiuma, nje uji, katikati ndala.

Wageni walikula kwa heshima ya bi harusi tu.

Sasa kinachonichanganya zaidi ni shangazi yangu. Yeye papai analichemsha kwanza ndipo analisaga, eti kupunguza utomvu. Nyama yake hailainiki hata chembe, ila nani atamwambia? Kwa hiyo nauliza: kwenye papai kuna nini hasa kinachokula nyama, kwa nini kikichemshwa kinagoma, na kama kinakula nyama, mbona sisi tukilila hakituli?

#2 Ngosha_Mtulivu
Masaa kumi na tisa mkuu? Hapo ulikuwa unapika mtori, vijiti ulivitoa wapi?

#3 KijanaWaKidato
Ni asidi. Papai lina asidi, asidi inaunguza nyama. Ndiyo maana hata ndimu inalainisha. Uzi ufungwe.

#4 BintiWaMrima
Usiufunge kaka, bado mapema. Umewahi kulamba papai bichi? Si kali. Linapooza tu mdomoni, na ule utomvu unawasha. Kama ni ukali, basi ukwaju ungeshinda papai, na kwetu Pangani hakuna anayelainisha pweza kwa ukwaju. Pweza tunampiga, na kuna wanaomchemsha na kipande cha papai bichi.

#5 MwalimuMstaafu
Nimefundisha biolojia miaka thelathini na kidogo, naomba kiti.

Kinachofanya kazi ni kimeng'enya kinachoitwa papaini. Kinakaa ndani ya ule utomvu mweupe, kwa hiyo papai bichi linacho kwa wingi na papai lililoiva limebakiwa na kidogo sana, kwa sababu utomvu wenyewe umekwisha. Nyama ni protini. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, umekunjwa kama kamba iliyofungwa mafundo. Papaini inakwenda kwenye kiungo kati ya asidi amino moja na nyingine, inakikata kwa kukiingizia maji, inaachia, inahamia kingine. Yenyewe haiishi wala haiungui. Ndiyo maana kijiko kimoja cha utomvu kinamaliza beseni zima ukikipa muda, na wewe ulikipa muda.

Kuhusu kuchemsha: papaini nayo ni protini, mnyororo wa asidi amino 212. Uwezo wake wote uko kwenye umbo, kuna kama bonde fulani ambamo nyama inaingia na kukatwa. Ukiipasha moto, mkunjo unafumuka na bonde linapotea. Asidi amino zote 212 bado zipo, ila mkasi hauna tena makali. Ni kama yai: likishaiva huwezi kulirudisha. Juu ya nyuzi 60 hivi vimeng'enya vyote vimekufa.

Shangazi anapika supu ya mkasi butu.

#6 Ngosha_Mtulivu
"Supu ya mkasi butu" naichukua mwalimu, naenda kuifanya jina la kikundi cha WhatsApp.

#7 FundiSoseji
Mwalimu shikamoo. Nakubaliana nawe karibu kote isipokuwa hizo nyuzi 60. Nimefanya kazi kiwanda cha nyama, tulikuwa tunatumia unga wa papaini. Hiki kimeng'enya ni kigumu kuliko wenzake. Kwenye nyuzi 60 mpaka 70 ndipo kinapokimbia kasi kuliko wakati wowote, kinaanza kufa ukikaribia 80 na kuendelea. Vimeng'enya vingi vya mwilini kwetu ndivyo vinavyokwisha mapema hivyo.

Na hii ndiyo siri ya mishkaki. Watu wanadhani kazi inafanyika kwenye beseni. Inafanyika kidogo, na kwenye friji ni kidogo zaidi. Kazi kubwa ni zile dakika chache nyama ipo juu ya mkaa, ikipita kwenye hilo joto la 60 na 70 kabla haijaiva kabisa. Kwa hiyo ukiloweka nusu saa tu na kuchoma, mkaa unamalizia. Wewe #1 uliiacha usiku kucha kwenye joto la chumba, halafu mkaa ukaipiga rungu la mwisho.

#8 MwalimuMstaafu
Marahaba. Nimekubali kusahihishwa, nyuzi 60 ni za amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga, na ndugu zake wengi. Kalamu nyekundu ilikuwa yangu miaka yote, leo nimeonja.

#9 MchomaMkaa
Asanteni wazee. Lakini mbona katikati ikabaki raba? Kama mkasi ni mkali hivyo, masaa kumi na tisa yote ulikuwa unafanya nini nje ya mlango?

#10 FundiSoseji
Haupenyi. Molekuli ya papaini ni kubwa ukiilinganisha na chumvi. Chumvi inatembea mpaka ndani, papaini inaishia milimita chache juu juu. Inakula ilipo. Ndiyo maana viwandani kuna mashine za sindano zinazoingiza maji ya chumvi na kimeng'enya ndani ya pande la nyama. Nyumbani choma choma kwa uma, au kata vipande vidogo.

#11 MzeeWaMachinjio
Mnamlaumu papai bure. Mimi nauza nyama miaka mingi, nawaambia shida ilianzia buchani. Ng'ombe kachinjwa alfajiri, saa mbili yupo kwenye ndoano, saa nne yuko beseni kwako. Nyama hiyo bado imekaza. Wazungu wanaitundika kwenye baridi wiki, hata mbili, ndipo wanauza. Sisi mteja akiona nyama ya jana anakutukana.

Halafu ng'ombe mwenyewe ni huyu wetu mwenye nundu, katembea kutoka Shinyanga kwa miguu yake miaka sita. Unategemea nini?

#12 DaktariWaMifugo_K
#11 umegusa pazuri, ngoja niongezee upande wa ndani ya seli.

Msuli ukiwa hai una vimeng'enya vyake wenyewe, kalpaini, kazi yake ni kukarabati, kukata protini zilizochakaa. Mnyama akishakufa nguvu ya seli inaisha, nyuzi za msuli zinashikana, ndiyo ile kukaza. Lakini kalpaini hazijui kama mwenye nyumba kafa. Zinaendelea kukata taratibu kwa siku kadhaa na nyama inalainika yenyewe. Huko kutundika kwenye baridi ni kuzipa muda zifanye kazi bila bakteria kuwahi.

Sasa ng'ombe mwenye nundu ana kizuizi kingi zaidi cha kalpaini, kinaitwa kalpastatini. Kinazishika mikono. Kwa hiyo hata ukiitundika, nyama ya zebu inalainika polepole kuliko ya ng'ombe wa Ulaya. Miguu ya Shinyanga ina mchango wake, ila si peke yake.

#13 KijanaWaKidato
Kwa hiyo tuna asidi, papaini, kalpaini, na miguu. Bado nasema asidi ina mchango, jamaa kaweka ndimu.

#14 BintiWaMrima
Ndimu inaivisha samaki juu, inamfanya mweupe. Inakaza! Samaki ukimwacha kwenye ndimu sana anakuwa mkavu kama kizibo. Sasa inalainisha au inakaza?

#15 FundiSoseji
Vyote viwili, inategemea kiasi na muda. Ukali wa muda mfupi unalegeza protini za juu, ukikaa sana unazikunjua na kuzibananisha, maji yanatoka. Kwa mishkaki ya #1 mimi nashuku ndimu pia. Na chumvi nayo msiisahau, inayeyusha sehemu ya protini za msuli, ndiyo ule utelezi unaouona juu ya nyama iliyokaa na chumvi. Labda nusu ya "uji" wake ni chumvi.

#16 MamaKachumbari
Jamani mimi nimekuja kwa swali la tatu la mleta uzi ambalo mmeliruka. Mbona halituli? Nauliza kwa sababu wifi yangu ana mimba na mama mkwe kampiga marufuku papai bichi, anasema litakula mtoto.

#17 MwalimuMstaafu
Bi Kachumbari, naanza na tumbo. Hatuhitaji papai lije kutula, sisi wenyewe tunabeba mikasi mikali zaidi. Tumboni kuna pepsini, kwenye kongosho kuna tripsini. Zote zinakula nyama, na sisi ni nyama.

Mwili umefanya hila. Seli haitengenezi pepsini iliyo tayari, inatengeneza pepsinojini, yaani mkasi uliovalishwa ala. Ikishatoka nje na kukutana na asidi ya tumbo, ala inakatwa, mkasi unakuwa wazi. Tripsini vivyo hivyo, inatoka kongosho ikiwa imefungwa na inafunguliwa na kimeng'enya kingine ikishafika utumbo mdogo. Siku ikifunguka ndani ya kongosho kabla ya safari, kongosho linaanza kujila, na ugonjwa huo una maumivu makali kweli. Tumbo lenyewe limepakwa ute, na seli zake za ukutani zinabadilishwa kila siku chache.

Mpapai nao una hila hiyo hiyo. Ndani ya mishipa ya utomvu, papaini inakuwa imefungwa. Ukikwaruza tunda, utomvu unapotoka nje ndani ya dakika chache inafunguka. Kwa papai huo ni ulinzi, kiwavi anayetafuna jani anakutana na mkasi mdomoni. Wavunaji wa utomvu wasiovaa glavu wanaungua vidole.

Papaini ukiila, ikifika tumboni nayo ni protini tu kama maharage, inakatwa na pepsini.

La mimba namwachia daktari wa wifi yako. Mama mkwe nisingebishana naye kwa sababu ya kachumbari ya papai, kuna matunda mengi.

#18 Mombasa_Raha
Sasa kama papaini haituli, nanasi je? Mimi nikila nanasi zima ulimi wanitoka damu kabisa. Watu wa huku twaliosha na maji ya chumvi.

#19 DaktariWaMifugo_K
Nanasi lina bromelaini, binamu wa papaini kwa kazi. Inakwangua zile protini za juu ya ulimi, halafu asidi ya nanasi inaingia kwenye michubuko.

#20 FundiSoseji
Wengine wanasema si bromelaini hasa, ni vijisindano vya kalisi oksaleti vilivyomo kwenye nanasi, vinachoma matundu, ndipo hayo mengine yanapita. Ninavyoona mimi ni genge la watu watatu, ila nani kiongozi sijaona anayekubaliana na mwenzake. Maji ya chumvi yanasaidia, hilo sibishi, nami natumia.

Jaribio rahisi: tengeneza jeli ya gelatini ya dukani, weka vipande vya nanasi bichi. Haigandi ng'o. Weka nanasi la kopo, inaganda, maana la kopo limepita kwenye moto.

#21 Ngosha_Mtulivu
Nani ana jeli nyumbani? Sisi tuna ugali.

#22 MwalimuMstaafu
Ugali unatosha mkuu. Tafuna tonge moja la sima bila mboga, dakika mbili usimeze. Linaanza kuwa tamu. Hiyo ni amilesi ya mate, inakata wanga kuwa sukari. Wanafunzi wangu walikuwa wanapenda somo hilo kwa sababu lilikuja saa ya njaa.

#23 BibiTogwa
Hapo kwenye wanga ndipo kwangu. Kwetu Songea togwa tunapika uji mzito wa mahindi, tunauacha upoe mpaka kidole kinavumilia, ndipo tunatia kimea cha ulezi. Unakoroga, na uji uliokuwa unasimamisha mwiko unakuwa maji mbele ya macho yako, na utamu unakuja bila sukari. Mama alitwambia ukitia kimea uji ukiwa wa moto "unakiua". Sikujua kama alikuwa anasema sayansi, nilidhani ni mwiko wa wazee.

Kwa hiyo kimea ni hai au si hai?

#24 KijanaWaKidato
Hai. Vimeng'enya ni vijidudu vidogo sana.

#25 MwalimuMstaafu
Hapana kijana, hapo nakukatia alama. Mbegu ya ulezi ikichipua inatengeneza amilesi ili ile wanga yake ya akiba. Ukiianika na kuisaga umeua mche, ila amilesi imebaki. Ubishi huu ulikuwepo Ulaya kwa miaka mingi, wakisema bila seli hai hakuna uchachu. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner akasaga hamira mpaka seli zote zikapasuka, akakamua maji yake, akatia sukari, na maji hayo yasiyo na kiumbe hai yakaanza kutoa gesi na pombe. Alipata Nobel ya kemia 1907. Baadaye, 1926, Mmarekani James Sumner akafanikiwa kutoa kimeng'enya kikavu kama chembe za sukari kutoka kwenye maharage fulani, akaonyesha kwamba ni protini. Kwa hiyo kimeng'enya ni protini, si mdudu.

Ila togwa ikilala siku ya pili ikawa kali, hao sasa ni bakteria, viumbe hai kweli.

#26 MtafitiMwenyeNjaa
Shikamoo mwalimu, samahani nakuongezea. "Kimeng'enya ni protini" ni kweli kwa karibu vyote, si vyote. Thomas Cech na Sidney Altman walipewa Nobel ya kemia 1989 kwa kuonyesha RNA, molekuli ndugu ya DNA, nayo inakata na kuunga bila protini. Hata kile kiwanda cha seli kinachotengeneza protini, ribosomu, pale panapoungwa asidi amino kazi inafanywa na RNA. Kwa hiyo mkasi wa kutengeneza mikasi si mkasi wa aina hiyo.

#27 MwalimuMstaafu
Marahaba. Leo ni mara ya pili. Mke wangu anasoma huu uzi na anacheka.

#28 MamaKachumbari
Na magadi kwenye maharage? Hiyo nayo ni kimeng'enya?

#29 BintiWaMrima
Magadi ni jiwe dada, kimeng'enya kitoke wapi.

#30 FundiSoseji
Sahihi. Magadi yanalegeza pektini, ile gundi inayoshika seli za maharage. Hapo ni kemia ya chumvi tu. Na yakizidi yanaharibu vitamini B1, tusiyapende sana.

#31 Maasai_wa_Mjini
Nimesoma yote nikingoja maziwa. Mimi nakunywa lita bila shida, mwenzangu wa chumbani kikombe kimoja tu anakimbilia chooni, ila mtindi anakunywa. Tunaambiwa ni laktesi, kimeng'enya cha kukata laktosi, sukari ya maziwa. Watoto karibu wote wanayo, wakubwa wengi inazimwa. Sisi wafugaji imebaki imewashwa. Walipima Watanzania, Wakenya na Wasudani, matokeo yakatoka 2007, wakakuta kuna badiliko la herufi moja kwenye DNA karibu na jeni ya laktesi, tofauti na lile la Wazungu. Yaani kila mfugaji alikuja na ufunguo wake.

#32 Ngosha_Mtulivu
Na sisi Wasukuma tuna ng'ombe pia, mbona tumbo langu linanguruma? Hata ya ng'ombe wa babu.

#33 DaktariWaMifugo_K
Ngosha, kuwa na ng'ombe wa babu si kuwa na jeni ya babu. Na ndani ya kabila moja wengine wanalo badiliko hilo, wengine hawana. Mtindi unamfaa yule mwenzake #31 kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

#34 MchomaMkaa
Wakuu nimerudi. Jana nimefanya jaribio, nimenunua nusu kilo nikagawa mabakuli matatu. Chumvi sawa, ndimu hakuna. La kwanza papai bichi, la pili papai lililochemshwa dakika ishirini, la tatu nyama tupu. Dakika arobaini, kisha mkaani.

La kwanza: laini, hata mama mwenye meno ya bandia kala. La pili na la tatu sikuona tofauti. Raba zote mbili.

Nikampelekea shangazi. Kala la pili, akasema "hili ndilo zuri, lina ladha".

#35 Ngosha_Mtulivu
Shangazi hashindwi.

#36 BintiWaMrima
Hongera. Lakini bado kuna kitu hakijakaa sawa. Nyanya yangu akipika jogoo mzee anatupia majani ya mpapai sufuriani, anachemsha nayo. Na analainika! Kama moto unaua, yale majani yanafanya nini mle?

#37 FundiSoseji
Anayatia maji yakiwa ya baridi au yanayochemka? Kama ni baridi, maji yakipanda polepole yanapita kwenye 60 na 70 na kimeng'enya kinapata dakika zake kabla hakijafa. Kuni zinapasha taratibu, bora kuliko gesi.

#38 MzeeWaMachinjio
Au jogoo kachemka masaa matatu na angelainika hata ukimtupia karatasi. Zile kano zinageuka mchuzi mzito kwa moto peke yake. Majani yanapewa sifa ya kuni.

#39 MtafitiMwenyeNjaa
Jogoo wawili wa umri mmoja, masufuria mawili, moja bila majani. Bila hivyo tutabishana mpaka mwakani. Nipo tayari kula ushahidi wote.

#40 BintiWaMrima
Nyanya kasema anayatia maji yakishachemka. Na kasema anayeuliza sana hapewi paja.